Ukirekodi santuri kwenye kompyuta, seti levo (kiwango cha sauti inayoingia) kwa sehemu yenye sauti kubwa zaidi
Hii nimeijua juzi tu na imeniokolea kazi kweli. Usiseti levo kwa wimbo wa kwanza, iinamishe santuri kwenye mwanga utafute pale mistari ya wimbo imeachana zaidi, mara nyingi hapo ndo sauti kubwa ilipo, weka sindano hapo halafu shusha levo mpaka kilele kiishie kwenye -6 dB (desibeli 6 chini ya 0, ambayo ndo mwisho wa kipimo). Mawimbi yakionekana madogo kwenye skrini usiogope, ukirekodi kwa biti 24 una nafasi ya desibeli kama 144 na santuri hutumia 70 hivi, ila ikigonga 0 sauti inakatwa na hairudi tena. Kushusha levo hakusaidii kama priampu (kifaa kinachokuza sauti ya sindano kabla ya kompyuta) ndo imezidiwa na inakwaruza, sauti inafika kwa kompyuta ishaharibika, hapo punguza geni (ukuzaji wa sauti) ya priampu yenyewe.