Mambo ya kuzingatia kabla hujaingia barabara ndefu kipindi cha winta

Watu wetu tumejaa Minnesota na Dakota siku hizi, na baridi ikianza tu ndo shughuli nazo zinaanza, mara msiba Fargo, mara send-off Bismarck, mara kipaimara cha mtoto wa fulani. Minneapolis mpaka Fargo kwa I-94 ni kama maili 235, barabara ikiwa safi ni masaa matatu na nusu hivi, kwahiyo mtu anachukulia poa kabisa, anavaa raba na kikoti cha kupigia picha, anawasha gari huyo. Jamani, pakia gari kama mtu anayejua atalala njiani. Kuteleza kila mtu anakuogopa, ila kukwama ndo hatukuwazi, na kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kukwama masaa sita tu bila maandalizi ni balaa.

Kama unadhani natia chumvi, Januari 2022 kule Virginia, ambako hata sio sehemu ya baridi kivile, theluji ilifunga I-95 na watu wakalala humo humo barabarani, wengine zaidi ya masaa 24. Hadi seneta Tim Kaine alikuwemo, safari ya kawaida tu ya kwenda Washington ikamchukua masaa 27. Wengi walikwama sio kwa kuendesha vibaya, ni malori ya mbele yalishindwa na foleni ikaganda.

Kwahiyo kwanza kabisa kabla ya vitu vyote ni kuamua kama unaenda au huendi, na hapa ndo tunafeli sana sisi kwa sababu ya aibu ya kutofika kwenye shughuli ya mtu. Mwambie mwenye shughuli mapema kabisa, wiki moja kabla, "hali ya hewa ikikaa vibaya sitakuja, mchango nitatuma", basi siku ikifika hakuna wa kukununia. Halafu usiku ule na asubuhi yake angalia 511, ni namba ya simu na pia ipo mtandaoni, Minnesota na North Dakota wote wanayo, inaonyesha barabara ipi ina barafu, ipi imefungwa, na kamera unaziona kabisa. Usiangalie kinachodondoka juu tu, angalia na upepo. Ukishapita Fergus Falls kuelekea Fargo kule ni tambarare tupu, hakuna mlima hakuna msitu, upepo unaokota theluji ya juzi unaivurusha barabarani, yani juu mbingu ya bluu na jua linawaka ila mbele ya boneti huoni kitu. Ukikuta wameshusha geti la kufunga barabara usilizunguke, ukikwama huko mbele hata wa kukufuata anaweza asifike mpaka dhoruba itulie.

Gari sasa. Betri ndo ya kwanza kukuaibisha, baridi inaila nguvu vibaya mno, betri iliyokuwa inasuasua Oktoba, ikifika Januari haipigi stata, kaipime dukani, maduka mengi ya spea wanapima bure. Tairi cheki upepo asubuhi likiwa la baridi maana kila joto likishuka nyuzi 10 za Fahrenheit unapoteza kama psi 1, na kama zimeanza kuwa kipara usibishane nazo. Maji ya waipa weka yale ya winta yasiyoganda, ya kiangazi yataganda kwenye kioo ukiwa kwenye spidi na hapo huoni kabisa. Mafuta usiruhusu yashuke chini ya nusu tenki.

Vya kubeba: mablanketi mazito kwa idadi ya watu, buti za theluji, soksi na glovu za ziada, tochi, waya za kubusti betri, koleo la theluji, mchanga mfuko mmoja wa kumwaga chini ya tairi, chaja ya simu, tende, karanga, maji. Ila angalia unaweka wapi. Koleo likikaa kwenye buti la gari na buti lenyewe likagandiana na barafu umebaki na nini? Weka ndani, nyuma ya kiti. Maji nayo yakae ndani na chupa usiijaze mpaka juu. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inaizima hata ikiwa na asilimia 40.

Njiani kruzi, ile ya gari kushika spidi lenyewe, izime, na gari la kusukuma theluji usilipite, kaa nyuma yake kwa mbali, huko nyuma ndo barabara nzuri kuliko zote. Chumvi wanayomwaga barabarani, joto likishuka chini ya nyuzi 15 Fahrenheit haifanyi kazi sana, kwahiyo usione nyeupe nyeupe ukajiamini. Barafu ile isiyoonekana inafanana na lami iliyolowa tu, sasa tazama tairi za gari la mbele, kama barabara inaonekana imelowa ila tairi hazirushi maji, hiyo ni barafu, toa mguu kwenye mafuta taratibu na breki usiikanyage ghafla. Madaraja yanaganda kabla ya barabara.

Ukikwama, usitoke kutembea kutafuta msaada! Kaa garini, piga 911, washa hazadi. Injini washa kama dakika 10 kila saa, dirisha la upande usio na upepo ufungue kidogo, na kabla ya kuwasha kila mara shuka ukafukue bomba la moshi, kwa sababu theluji ikiliziba moshi unarudi ndani, na hewa yake ya sumu haina harufu, watu wanasinzia humo humo wasiamke.

Wenye watoto, lile koti nene usimfungie mkanda juu yake kwenye kiti chake, gari likigonga koti linabonyea na mkanda unakuwa umelegea, mtoto anachomoka. Mfunge na sweta, mkanda ubane, blanketi juu yake.

Na kama unaenda kulala Bismarck au zaidi ya huko, muulize mwenyeji kama ana soketi nje. Magari mengi ya huku yana waya unaoning'inia mbele kwenye grili, ni wa hita ya injini, unachomekwa kwenye umeme usiku. Kama lako halina, omba nafasi kwenye gereji yao, kwa kweli hiyo ni muhimu kuliko hata kitanda cha wageni, sebuleni tutabanana.