Namna ya Kukagua Gari Lililotumika Jijini Mwanza
Wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika hapa Mwanza huanza kwa kuuliza namba: ni namba C, D au E? Herufi hiyo, ya kwanza kati ya tatu za mwisho kwenye kibao cha namba, huonyesha tu kipindi ambacho gari lilisajiliwa Tanzania, wala haisemi lilitengenezwa lini. Toyota IST mbili za mwaka 2003 zinaweza kuwa moja na namba B na nyingine namba D kwa sababu tu ya pili ilichelewa kuingia nchini, na madalali wanajua jinsi herufi mpya inavyopandisha bei. Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye kadi ya gari, kisha uulizie kwa bidii zaidi kazi ambayo gari hilo limekuwa likifanya.

Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, kazi hiyo mara nyingi ni samaki. Wengi huamini kwamba ziwa ndilo linaloleta kutu, ilhali maji yake hayana chumvi. Kinachokula bati ni chumvi ya kayabo (samaki waliokaushwa kwa chumvi) na majimaji ya samaki yanayochuruzika chini ya zulia la Probox, Noah au pikapu kila inapotoka mwaloni, kunakoshushwa samaki. Inua zulia la nyuma hadi kwenye kisima cha tairi la akiba, ubonyeze bati kwa kidole gumba na kuangalia maungio yake. Zulia jipya ndani ya gari kuukuu ni sababu nyingine ya kuliinua.

Yapo pia magari yaliyozoea kuoshwa ufukweni, yakiwa yameingizwa majini hadi nusu ya tairi. Maji yakipenya kwenye bearingi za magurudumu, huja mvumo unaozidi kadiri mwendo unavyozidi, na utausikia vizuri kwenye lami ya kuelekea Kisesa au Buhongwa endapo redio itazimwa. Dalali akiiwasha, mwombe aizime tena.

Injini ikaguliwe ikiwa ya baridi, kwa hiyo umwambie muuzaji mapema kwamba gari lisiwashwe kabla hujafika, na ukifika uweke kiganja juu ya boneti. Ukikuta joto, ahirisha ukaguzi, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto huficha milio na moshi wa asubuhi. Fungua kifuniko cha oili: utando mzito wenye rangi ya chai ya maziwa unaweza kuashiria kwamba maji na oili vinachanganyika, na hapo gasketi ya silinda hedi inatiliwa shaka. Gari likiwashwa, moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yanayozidi, na mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji ya rejeta.

Baada ya hapo tafuta mlima, na jiji letu halina uhaba wa milima. Panda kuelekea Bugando, usimame katikati ya mwinuko, uvute breki ya mkono, kisha uondoke taratibu. Injini ikinguruma bila gari kupanda kwa kiasi hicho, gia boksi inateleza. Kwa magari yenye gia ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, uliza ilijazwa oili gani mara ya mwisho, kwa maana gia hiyo ina oili yake maalumu, na fundi aliyejaza oili ya gia otomatiki ya kawaida amemwachia mnunuzi bili kubwa. Wakati wa kuteremka utapima breki, na kwenye vijia vya mawe utasikia bushi na shokapu.

Kilomita za kwenye dashibodi zisiaminiwe peke yake. Angalia raba ya pedali na usukani uliosuguliwa, na utafute ndani ya fremu ya mlango stika ndogo ya Kijapani ya kubadilisha oili. Stika ikisomeka kilomita 112,000 na dashibodi 84,000, mazungumzo ya bei yabadilike au yaishie hapo. Fundi wa kukusaidia umchague na kumlipa wewe mwenyewe. Yule anayeitwa na dalali hula meza moja naye.

Hati zina hatari kuliko injini. Watu hukopa kwa kuweka dhamana kadi ya gari, hivyo muuzaji anayeonyesha nakala pekee, au ripoti ya polisi ya kupotelewa iliyochukuliwa wiki hiyohiyo, asipewe hata fedha ya kishika uchumba. Linganisha namba ya chesi iliyogongwa kwenye bati na ile ya kwenye kadi, jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayeuza, na uangalie kwa namba ya gari kama kuna faini za trafiki au madeni ya maegesho. Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, malipo yapitie benki, na muuzaji ashiriki kubadilisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) badala ya kukukabidhi kadi yenye jina la mtu wa tatu ambaye hata muuzaji hajui anapoishi. Ni vyema mkataba utaje kiasi kitakachobaki mkononi mwako hadi kadi itoke kwa jina lako.