Kukausha komamanga zima kwa desturi ya Armenia, taji lake likiwa salama

Katika soko la Vernissage mjini Yerevan makomamanga yapo ya udongo, ya fedha, ya mbao, na yapo matunda yenyewe yaliyokaushwa yakiwa mazima. Yote yanatambulika kwa taji lililo kichwani, yaani vile vimeno vya ua vilivyobaki juu ya tunda. Ukiliondoa, umebakiwa na kitu kinachofanana na tofaa. Waashi wa kanisa kuu la Zvartnots, karibu na Yerevan, walichonga komamanga katika karne ya 7, na kwenye kanisa la Akhtamar lililo kisiwani katika Ziwa Van, leo ndani ya Uturuki, lililojengwa kati ya 915 na 921, komamanga limechongwa pamoja na zabibu kwenye mkanda wa mzabibu unaozunguka kuta. Anayekausha ana sababu nyingine ya kulijali taji: uozo huanzia hapo.

Kuchagua

Komamanga halizidi kuiva likishachumwa, kwa hiyo utakachochagua ndicho utakachokausha. Kwa kula tunatafuta tunda kubwa, zito, lenye ganda jembamba lililokaza. Kwa kukausha ni kinyume chake: kipenyo cha sentimita 6 hadi 7, gramu 120 hadi 180, ganda nene na gumu. Tunda la nusu kilo lina maji mengi mno, na mara nyingi ukungu hulimaliza kabla halijakauka katikati. Wilaya ya Meghri, kusini kabisa mwa Armenia, huvuna Oktoba na Novemba, na matunda madogo yanayobaki mwishoni ndiyo yanayofaa. Walio Oman wana makomamanga ya milima ya Jabal Akhdar, ambayo msimu wake huanza mapema kidogo.

Kataa tunda lenye ufa, hata ule mwembamba kama unywele. Ufa hutokea mti uliokaa na kiu unapopata maji mengi kwa ghafla, au mvua inapolikuta tunda limeiva. Kataa pia lenye tundu dogo, maana ndani mna kiwavi. Kisha pima mkononi: tunda jepesi kuliko wenzake wa ukubwa uleule, lenye rangi iliyofifia, huenda limeoza moyoni. Kuvu anayesababisha hali hiyo huingia wakati wa ua, naye hula punje huku ganda likibaki zuri kabisa. Tunda liwe na kikonyo cha sentimita 2 kilichokatwa kwa mkasi. Likivutwa kwa mkono ganda huchanika pale chini.

Kusafisha taji

Ndani ya taji mna vinyuzi vikavu vya ua. Hivyo hushika unyevu, vumbi na mbegu za ukungu. Vitoe kwa kibano kimoja kimoja, halafu pitisha brashi laini ya rangi. Usiliweke tunda chini ya bomba wala kulitumbukiza kwenye maji. Maji yakituama kwenye taji hayatoki. Futa ganda kwa kitambaa kilicholoweshwa siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa na kukamuliwa vizuri, kisha tia siki hiyohiyo ndani ya taji kwa ncha ya pamba. Acha saa moja penye upepo.

Sokota kipande cha karatasi kavu isiyo na wino, ukiingize kwenye taji kiasi cha kujaza bila kulipanua. Kibadilishe kila siku kwa siku tano za mwanzo. Kinafanya kazi mbili: kufyonza unyevu, na kuzuia meno ya taji yasikunjike ndani. Yakishakunjika na kukauka hayanyooshwi tena, ukijaribu yanakatika.

Kukausha

Panga matunda kwenye wavu wa waya, yakilala ubavu, nafasi ya sentimita 3 kati ya moja na jingine. Yageuze robo mzunguko kila siku. Upande usiogeuzwa hubaki na doa laini, na doa laini siku mbili baadaye ni ukungu. Chumba kiwe na nyuzijoto 20 hadi 25 na unyevu wa hewa chini ya asilimia 50. Weka karibu na kipasha joto lakini mbali na dirisha lenye jua, maana jua hupausha wekundu. Usitoboe tunda ili kuharakisha. Maji ya komamanga yana sukari, nayo ikitoka huacha michirizi inayonata na kuita wadudu.

Hali hiyo inapatikana kirahisi Yerevan, penye hewa kavu. Mombasa, Unguja au Dar es Salaam chumba cha kawaida hakifai, tumia oveni. Iwe nyuzi 60 hadi 70, mlango ukiachwa wazi kidogo kwa kuwekewa mwiko, saa 6 hadi 8 kwa siku, kwa siku kadhaa. Usiku yatoe, yakae kwenye wavu mbele ya feni. Mwenye haraka akipandisha hadi nyuzi 100, maji ya ndani huwa mvuke, mvuke hupasua ganda, na rangi huishia kuwa kahawia.

Pima kwa mizani ya jikoni kila wiki na uandike. Tunda lililokauka hubaki na robo hadi theluthi ya uzito wake, na uzito huo hausogei kwa wiki mbili. Ukiligonga hutoa sauti ya mbao. Ukilitikisa, mara nyingi punje hucheza ndani. Kwa hewa tu huchukua wiki 4 hadi 8, makubwa zaidi ya hapo. Ganda litabonyea na wekundu utakolea. Hilo ni kawaida. Vanishi au nta isipakwe kabla ya hapo, la sivyo umeufungia unyevu ndani.

Kabla ya kuweka mezani, funga matunda kwenye mfuko na uyalaze kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, siku nne, ili kuua mayai ya nondo. Usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe kabisa, maana ukifungua mapema umande utaganda juu ya ganda. Haya ni ya mapambo, si ya kuliwa.

Kavu mezani, bichi harusini

Kavu huwekwa mezani, hasa Mwaka Mpya. Harusini linatakiwa bichi: bibi harusi hulirusha lipasuke, na punje zikitawanyika ni dalili ya watoto. Kwa kazi hiyo chagua lililoiva hadi pande zake zimekuwa bapa, na sakafu isiwe na zulia la thamani, kwani madoa yake hayatoki. Waarmenia husema kila komamanga lina punje 365, moja kwa kila siku. Ukihesabu utapata mia chache katika moja na hata zaidi ya elfu katika jingine.

Wagiriki wa kale walilipa maana mbili zinazovutana. Hades, mungu wa kuzimu, alimlisha mungu wa kike Persephone punje, ikamlazimu Persephone kukaa kuzimu theluthi ya kila mwaka. Lakini sanamu ya Hera, mungu wa kike wa ndoa, huko Argos, kazi ya mchongaji Polykleitos, ilishika komamanga mkononi, na msafiri mwandishi Pausanias aliyeiona alikataa kueleza sababu kwa kuwa ni siri ya ibada. Kwa Waarmenia wa kanisa, Nerses Shnorhali, mkuu wa Kanisa la Armenia wa karne ya 12, aliona katika ganda chungu lenye utamu ndani mfano wa Agano la Kale lililoficha Jipya.

Yaliyopasuka bila ukungu usiyatupe, maganda yake hutia sufu rangi. Bandua maganda, yakaushe, uyapondeponde: gramu 100 za maganda kwa gramu 100 za sufu. Loweka usiku kucha, chemsha taratibu saa moja, chuja. Sufu iwe imetangulia kuchemshwa na gramu 15 za shabu, chumvi ya madini inayoishikiza rangi. Utapata manjano, si nyekundu kama wengi wanavyotarajia, na maji ya misumari yenye kutu kidogo tu yataigeuza kijani cha mzeituni. Yakizidi, sufu huwa kijivu na hukakamaa.