Drili ya kusimama: mkanda au kielektroniki?

Mafundi wa Mafinga na Makambako mnaojipanga kununua drili ya kusimama, msikimbilie ile yenye kioo cha namba kabla hamjajiuliza mnatoboa nini kila siku.

Ya zamani hubadilishwa kasi kwa kufungua kifuniko, kulegeza mota na kuhamisha mkanda kwenye puli. Inachosha, na vidole vinachafuka. Ila mkanda ukiwa kwenye kasi ndogo, nguvu ya kuzungusha inaongezeka: biti ya milimita 35 ya bawaba za kabati inaingia kwenye mninga bila mota kulia. Ikiharibika, ni mkanda, beringi, au mota kusukwa upya.

Ya kielektroniki unazungusha kitufe tu. Mizunguko 500 kwa dakika kwa biti pana, kisha 2,500 kwa ya milimita 4 kwenye paina. Anayebadilisha biti kila mara ataipenda. Shida ni bodi: umeme ukicheza inaweza kuungua, kwa hiyo tenga hela ya kilinda umeme.

Halafu, nyingine za bei ndogo zikipunguza kasi zinapoteza na nguvu. Nenda dukani na kipande chako cha mninga, weka kasi ya chini, tobolea biti pana. Ikikwama, iache hapohapo.

Mimi bado niko na ya mkanda. Nakiri kuna siku naona uvivu kuuhamisha, natobolea biti pana kwa kasi kubwa, na paina inaungua mpaka jirani anauliza napika nini.