SOMO: Kuchagua ukubwa wa bastola ya kubeba kila siku bila kuonekana

Wakuu, habari za kazi. Mtu akishapata kibali cha kumiliki bastola, swali lake la kwanza huwa "ninunue ipi?" na kijiweni anajibiwa kwa kutajiwa jina la kampuni. Mimi naanzia kwingine: kiuno chako, nguo zako, na namna unavyoshinda kutwa. Jina la bastola lisubiri.

Somo hili ni la mwenye kibali, au aliye katikati ya kukitafuta, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015. Kama hujaanza, nenda polisi kwanza uelekezwe, urudi hapa baadaye. Nalisema hili mapema kwa sababu maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na Wamarekani. Kule katika majimbo mengi mtu ananunua bastola Januari, akiiona nzito anauza, mwezi wa tatu ana nyingine. Huku kwetu kibali ni cha silaha ile ile yenye namba ile ile, na kubadilisha maana yake ni kurudi kwenye foleni. Ukikosea ukubwa, utaishi nao. Wengi huishia kuiacha kwenye sefu mwaka mzima.

HATUA YA 1: Andika siku yako kwenye karatasi

Unavaa nini? Unakaa au unasimama? Unainama mara ngapi? Dalali wa madini pale mjini Arusha anasimama na kutembea kutwa nzima, na mara nyingi ana koti. Mwenye duka la mitumba Kiborloni anainama na kunyanyua marobota kuanzia asubuhi. Mwenye shamba la kahawa Marangu yuko ndani ya gari, mkanda wa kiti umemkaza nyongani. Hao watatu hawawezi kuuziwa bastola moja.

Kisha hali ya hewa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti kila mtu ana jaketi, hata bastola kubwa inajificha. Shuka Moshi mwezi wa pili uone: shati la pamba, jasho, kitambaa kinagandia mgongoni. Kama kazi yako inakupeleka pande zote mbili, chagua kwa ajili ya siku ya joto kuliko zote. Baridi haijawahi kumwumbua mtu aliyebeba silaha.

HATUA YA 2: Jua ni kipimo kipi kinachokuumbua

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bastola ina vipimo vinne vya kuangalia: urefu kutoka mdomo wa mtutu hadi nyuma, kimo kutoka juu ya slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola inapolia) hadi kitako cha magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini), unene, na uzito. Mteja akiingia dukani hutazama urefu wa mtutu, akiona mfupi anafurahi. Lakini mtutu unaingia chini, ndani ya suruali, unalala na paja. Hakuna anayeuona. Kinachobaki juu ya mkanda ni mpini, na mpini ndio unaochora umbo kwenye shati unapoinama au kugeuka. Kwa hiyo kimo ndicho kipimo cha kwanza cha kuficha, unene ni cha pili, na urefu uko mbali nyuma yao.

Tena mtutu mrefu kidogo unaweza kukusaidia. Sehemu iliyo chini ya mkanda inaegemea mwili na kuuzuia mpini usilalie nje. Bastola fupi mno, ambayo uzito wake wote uko juu ya mkanda, hupinduka kuelekea nje, hasa kwa mtu mwenye kitambi.

Nitatumia bastola za kampuni ya Glock kama mfano kwa sababu wana saizi nyingi na ni rahisi kulinganisha. Si tangazo.

Glock 17 ndiyo kubwa: urefu milimita 202, kimo 139, risasi 17. Glock 19, iliyotoka 1988, ina urefu wa 185 au zaidi kidogo kulingana na toleo, kimo 128, risasi 15. Tofauti ya kimo ni milimita 11 tu, lakini kiunoni ni kubwa, na ndiyo maana hiyo 19 imekuwa kipimo ambacho bastola nyingine za wastani hulinganishwa nacho. Glock 26 ina kimo cha 106 hivi na risasi 10, ila unene wake ni ule ule wa kaka zake. Halafu kuna kundi jembamba: Glock 43 ya mwaka 2015 ina kimo cha 108, unene wa kama 27, risasi 6. Mwaka 2019 wakatoa 43X na 48. Hizo zina kimo cha 128 kama 19, lakini ni nyembamba, na risasi 10. Mwaka mmoja kabla, kampuni ya SIG Sauer walikuwa wametoa P365, ndogo kama 43 lakini yenye risasi 10, na soko lote la bastola ndogo likabadilika.

HATUA YA 3: Mkono wako una haki yake

Bastola ndogo ni rahisi kubeba na ngumu kupiga. Anayekwambia vinginevyo huenda hajapiga risasi 50 mfululizo na bastola ndogo.

Sababu zake ni tatu. Ya kwanza ni uzito: risasi ya 9x19 (kipenyo milimita 9, ganda urefu wa milimita 19) ni ile ile, lakini Glock 19 iliyojazwa ina karibu gramu 850, na Glock 43 iliyojazwa haifiki 600. Silaha nyepesi inarudisha mshtuo mwingi mkononi, mdomo unaruka, na kurudi kwenye shabaha kunachelewa. Ya pili ni mpini: ukiwa mfupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, na hicho kidole kina kazi kubwa ya kuzuia bastola isiinuke. Ya tatu ni umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Kwenye bastola ya wastani ni sentimeta 15 hivi, kwenye ndogo 13 hivi. Unaonekana upungufu mdogo, lakini kosa dogo la kulenga linakua zaidi umbali huo ukiwa mfupi.

Sasa unganisha na hali yetu. Risasi ni ghali, unanunua kwa mujibu wa kibali, na nafasi za kwenda kulenga shabaha ni chache. Mtu anayefanya mazoezi mara chache ndiye anayehitaji bastola isiyomsumbua. Nashangaa kuona huku mtindo ni kinyume: anayepiga mara moja kwa mwaka ndiye anayeshauriwa achukue ndogo kuliko zote "kwa kuanzia".

Ushauri wangu basi: beba kubwa kuliko zote ambayo nguo zako za siku ya joto zinaweza kuificha. Siyo ndogo kuliko zote inayouzwa.

HATUA YA 4: Jaribu kwa kipande cha mbao

Nenda kwa fundi seremala, mwambie akukatie vipande viwili vya mbao, kimoja urefu wa sentimeta 18 na nusu, kimo 13, unene 3. Kingine 16 kwa 11, unene wa sentimeta mbili na nusu. Mwambie akate umbo la herufi L, basi. Usikubali akichonge kifanane na bastola. Hutaki kusimamishwa njiani kueleza kwa nini una silaha ya mbao kiunoni.

Kivae ndani ya mkanda, nyuma kidogo ya mshono wa suruali upande wa mkono unaotumia. Vaa wiki nzima. Kaa kwenye gari, funga kamba za viatu, panda ngazi, beba mtoto, nenda ibadani. Mwombe mkeo au mumeo akuangalie kwa nyuma unapofikia kitu juu ya kabati. Ukifika Jumatano ukaanza kukiacha nyumbani, umepata jibu lako, na limekugharimu bei ya mbao.

HATUA YA 5: Ala na mkanda

Tenga fedha zake kabla ya kulipia bastola. Ala (mfuko wa bastola wa kiunoni) iwe ngumu, ifunike triga yote, na isifunge mdomo wake ukishaichomoa bastola. Mkanda uwe wa ngozi nene usiopinda. Mkanda laini wa suruali ya ofisini utaifanya hata bastola ndogo ionekane kubwa. Kuchomeka bastola kiunoni bila ala, kama wanavyofanya kwenye sinema, ni njia ya kujipiga risasi ya paja.

HATUA YA 6: Dukani

Muuzaji aitoe magazini, avute slaidi, akuonyeshe chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa) ikiwa tupu, kisha nawe uangalie mwenyewe. Ishike. Ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila kuuzungusha mpini mkononi. Uliza kama risasi zake anazo na kama anazo siku zote. Linganisha namba ya bastola na ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi, ukiwa bado pale kaunta.

Kwa anayetaka jina: kama unavaa shati la kuchomolea na huna koti, angalia kundi jembamba lenye mpini kamili, mfano 43X. Kama unavaa koti au jaketi siku nyingi, Glock 19 au CZ P-10 C, zote za risasi 15. Kundi la 43 ni la suti na nguo za kubana, kwa mtu anayefanya mazoezi kweli.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Sakina: Mkuu, marehemu mzee aliacha Makarov. Naweza kuanza nayo hiyo hiyo?

Jibu: Pole kwa msiba, kaka. Kwanza wajulishe polisi na uikabidhi silaha hiyo, kisha uombe kibali kwa jina lako. Kibali cha marehemu hakikulindi wewe hata siku moja. Kwa ukubwa si mbaya: urefu milimita 161, risasi 8, nyembamba kiasi, ingawa ni chuma kitupu, gramu 730 kabla ya kujazwa. Angalizo la risasi: Makarov ni 9x18. Watu wanaita zote "tisa", lakini 9x18 na 9x19 haziingiliani, hata kipenyo cha kichwa cha risasi kinatofautiana.

Swali, kutoka Soweto, Moshi: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanamke, navaa magauni, mkanda sina. Niweke kwenye mkoba?

Jibu: Marahaba dada. Mkoba ni chaguo la mwisho. Vijana wa pikipiki wakiuvuta, wameondoka na bastola yako. Ukiuweka kwenye kiti nyumbani, mtoto anaufungua kutafuta peremende. Kuna mikanda mipana ya kuvutika inayovaliwa tumboni chini ya gauni, yenye sehemu ya ala. Tafuta yenye kinga ngumu mbele ya triga, na bastola iwe ya kundi jembamba. Kuitoa kunachelewa, hilo ulijue na ulifanyie mazoezi ikiwa tupu. Siku ambazo mkoba hauepukiki, uwe na mfuko wa peke yake wenye ala ndani, na mkoba usitoke mwilini.

Swali, kutoka Ngaramtoni: Nasafiri kwa bodaboda kila siku. Ya mgongoni au ya mbele?

Jibu: Ukiwa abiria unainama mbele, shati linapanda, na mpini ulioko nyuma unaonekana na kila aliye nyuma yako. Sogeza mbele ya nyonga, au vaa jaketi refu linaloshuka chini ya mkanda. Katikati ya mgongo usiweke kabisa, ukianguka unaangukia chuma kwenye uti wa mgongo.

Swali, kutoka Njiro: Vipi rivolva ya risasi tano? Naambiwa haikwami.

Jibu: Zile ndogo za risasi ya .38 Special, mfano Smith & Wesson Model 36, ni nzuri na rahisi kuelewa. Lakini silinda, lile gurudumu linaloshika risasi, ina unene wa sentimeta tatu na ushee, na triga yake ukiivuta bila kukoki nyundo ni nzito. Mkono usiozoea unaipeleka risasi pembeni. Kwa mtu wa mazoezi machache mimi siichagui.

Swali, kutoka Kijenge: Risasi iwe kwenye chemba au nikoki nikihitaji?

Jibu: Kama hujafundishwa na mkufunzi akaridhika nawe, chemba ibaki tupu. Nyingi ya nilizotaja hapa hazina sefti (kizuizi cha kuifanya isilie) ya kubonyeza kwa kidole gumba; kinga yake iko kwenye triga na ndani ya bastola, na ala ngumu ndiyo inayoikamilisha. Vazi au funguo vikiingia kwenye triga, inalia. Na siku utakayokunywa hata chupa moja, iache kwenye sefu.

Swali, mwanachama huyo huyo: Na nikienda benki? Niiache kwenye gari?

Jibu: Hapana, mkuu. Kioo cha gari kinavunjwa kwa sekunde chache, na aliyekuona ukiificha chini ya kiti ndiye atakayekivunja. Benki nyingi haziruhusu mtu kuingia nayo, kwa hiyo siku ya benki panga tangu asubuhi: ibaki kwenye sefu nyumbani, au nenda na mwenzako akatoe yeye fedha nawe ubaki nje. Ikipotea kwa namna yoyote, nenda kituo cha polisi saa hiyo hiyo ukiwa na namba yake. Iandike leo, uiweke mbali na bastola.