Kiuno kikikukamata: fanya haya nyumbani kabla hujaenda kunyooshwa

Kiuno kikikamata, labda umeinama kunyanyua ndoo ya maji au umeshinda kwenye bodaboda kutwa nzima, wengi wetu tunapanda kitandani siku tatu nne hatunyanyuki. Jamani msifanye hivyo. Ukilala tu misuli inazidi kukaza, na maumivu mengi ya kawaida ya kiuno yanapungua yenyewe ndani ya wiki chache, hadi 6 hivi, ila anayejitembeza anapata nafuu mapema.

Asubuhi usikurupuke ukiwa chali, geukia ubavu kwanza, shusha miguu alafu jisukume na mikono ukae. Chukua chupa ya maji ya moto uizungushie taulo isikuunguze, weka kiunoni dakika 15 mpaka 20, alafu toka utembee polepole hata dakika 10 tu, mchana rudia, jioni rudia. Ukichoka lala chali kwenye mkeka, miguu juu ya kiti, magoti yamekunjwa.

Kuna zoezi moja nalipenda sana. Lala kifudifudi, viganja karibu na mabega kama unataka kupiga pushapu, nyoosha mikono taratibu kifua kipande ila nyonga zibaki chini, shuka, fanya mara 10. Sasa sikilizia maumivu yanaelekea wapi, yakitoka mguuni yakarudi katikati ya kiuno ni dalili nzuri hata kama hapo katikati panauma kidogo, yakishuka kuelekea unyayoni acha, hilo zoezi sio lako.

Kairopraktiki, ile ya kunyooshwa uti wa mgongo aliyoianzisha D.D. Palmer kule Davenport, Iowa, Marekani mwaka 1895, inaweza kupunguza maumivu ya kiuno na mimi siipingi. Ila ule mlio wa "kwa!" sio mfupa umerudi mahali pake, ni gesi kwenye ute wa maungio, kwaiyo usimpime mtu kwa mlio. Anayeijua kazi atakuhoji kwanza, atapima nguvu za miguu yako, atauliza kama uliwahi kuanguka au una mifupa dhaifu. Na shingo usimpe mtu wa mtaani! Kinyozi akimaliza kukunyoa akashika kidevu anataka kukuvunja shingo mwambie hapana asante, kuizungusha ghafla kunaweza kuchana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, ni mara chache ila ikitokea ni kiharusi.

Alafu kuna maumivu hayataki kukandwa wala kunyooshwa kabisa. Ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo umegoma au unatoka wenyewe, mguu umelegea ghafla, hapo hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku usisubiri kukuche. Na mgongo ukiuma wiki nenda wiki rudi huku unakonda, unatoka jasho usiku na homa za jioni, waombe wakupime na TB maana inaingia mpaka kwenye pingili za mgongo, na dawa zake zipo.