Kamera Ndogo ya Dijitali na Jua la Nairobi: Namna ya Kuichagua na Kuitumia Kila Siku

Anayetaka kamera ya kupigia picha za kila siku jijini Nairobi na achague ile itakayoingia mfukoni au mkobani bila kumsumbua. Kamera kubwa yenye lenzi za kubadilisha hushinda kabatini siku nyingi, ilhali ile ndogo huandamana na mwenyewe sokoni, ibadani na stejini. Ni kweli kwamba simu nayo imo mfukoni tayari, na wengi huuliza kuna haja gani ya kifaa cha pili. Kamera ndogo iliyo nzuri ina zumu ya lenzi halisi, ina flashi yenye nguvu, na ina vitufe vinavyomtaka mpiga picha aamue mwenyewe uso wa mtu utapata mwanga kiasi gani. Kwangu mimi, uamuzi huo wa mwisho ndio sababu kubwa ya kuinunua.

Dukani usihadaiwe na wingi wa megapikseli. Uliza ukubwa wa sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ya takriban milimita 6.2 kwa 4.6, ilhali zile zinazoitwa za inchi 1 zina sensa ya milimita 13.2 kwa 8.8, ambayo eneo lake ni kama mara nne ya ile ndogo. Tofauti hiyo hujitokeza jioni na ndani ya nyumba, pale ambapo sensa ndogo hujaza picha chengachenga. Mwenye fedha kidogo hapaswi kukata tamaa, kwa sababu mchana sensa ndogo hufanya kazi yake vizuri.

Ukinunua iliyokwisha kutumika, iwe Luthuli Avenue au kwa mtu mliyekutana mtandaoni, ijaribu kabla ya kutoa pesa. Iwashe na kuizima mara kadhaa ukisikiliza iwapo lenzi inatoka na kurudi bila kukwaruza. Kisha toka nje, chagua tundu dogo la lenzi kama f/8 ikiwa kamera inaruhusu, piga picha ya anga tupu, na uikuze kwenye skrini. Madoa meusi yanayobaki mahali palepale katika kila picha ni vumbi lililoingia hadi kwenye sensa, na kwa kuwa lenzi ya kamera hizi haibanduliwi, haliwezi kuondolewa bila fundi kuifungua kamera yenyewe. Soma maandishi yaliyo nyuma ya chaja uhakikishe yanasema 100–240V, kwa maana umeme wetu ni wa volti 240. Fungua menyu uone kama lugha unayoielewa imo, kwani baadhi ya kamera zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani pekee. Uliza pia kama betri ya aina hiyo bado inapatikana, kwa sababu kamera isiyo na betri mbili itakuacha njiani siku ya harusi.

Siku ya kwanza weka tarehe na saa sahihi, fomati kadi ndani ya kamera yenyewe, na uzime zumu ya dijitali, ambayo hukata kipande cha picha na kukikuza bila kuongeza chochote kilichokuwapo.

Sasa tuje kwenye nyuso. Kamera hupima mwanga kana kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vinapaswa kufikia kijivu cha wastani. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga linalong'aa, kamera huona weupe umezidi, hupunguza mwanga, na uso hugeuka kivuli. Picha za kwanza nilizompiga nyanya yangu akiwa mlangoni, ua ukiwaka jua nyuma yake, zilionyesha umbo lake pasipo macho wala mikunjo ya uso, na nilihuzunika kwa kuwa mikunjo hiyo ndiyo niliyotaka kuihifadhi. Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, +/−. Kiongeze hadi +0.7 au +1, ukijua kwamba kila hatua nzima huongeza mwanga maradufu. Anga likifa na kuwa jeupe, liache life, maana hukuja kupiga picha ya anga.

Kinyume chake pia hutokea, na wengi hawakitarajii. Uso mweusi ukijaza picha nzima, hasa mbele ya mlango wa mbao au pazia la rangi nzito, kamera hudhani mwanga umepungua, huongeza, na ngozi hutoka imepauka kama iliyopakwa majivu. Hapo punguza hadi −0.3 au −0.7 ili rangi ya mtu ibaki ilivyo. Baada ya kila picha ya kwanza ya mahali papya, tazama uso kwenye skrini ukiwa umejiziba jua kwa kiganja, kisha urekebishe.

Saa nayo ina neno. Nairobi iko takriban digrii moja na robo kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa juu sana mwaka mzima, na macho ya mtu huzama katika vivuli vya nyusi zake. Mpeleke kwenye baraza au chini ya mti wenye kivuli kizito, umgeuze aelekee upande ulio wazi. Pasipo na kivuli, washa flashi kwa lazima badala ya kuiachia kamera iamue, nawe usogee hadi mita mbili au tatu, kwa sababu mwanga wake haufiki mbali. Jua la ikweta huzama wima na kwa haraka, hivyo mwanga wa dhahabu haumsubiri mtu: uwe tayari tangu saa kumi na moja na nusu jioni, kwani jua hutua saa kumi na mbili na nusu hivi. Mimi hupenda zaidi Julai, mwezi ambao watu huulalamikia kwa baridi, kwa sababu mawingu yake hutandaza mwanga laini ambao hauumizi uso wa mtu yeyote, awe mtoto au mzee.

Kwa vitu vinavyokwenda, kama matatu yenye michoro ubavuni, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ya 1/500 ya sekunde huigandisha picha. Ukitaka kuonyesha mwendo, shuka hadi 1/30, bana viwiko kwenye mbavu, na uifuate gari kwa kiwiliwili chote. Bonyeza kitufe cha kupigia picha nusu kwanza ili kamera ilenge mapema, la sivyo matatu itakuwa imepita.

Omba ruhusa. Kumwambia mchuuzi wa Gikomba, "Shikamoo mama, naomba nikupige picha ukiwa kazini," huchukua muda mfupi, na akikataa, shukuru uende zako. Usielekeze kamera Ikulu, kwenye kambi za jeshi wala kwa walinzi wenye silaha. Ifunge kwa kamba kifundoni mwa mkono, na usiishike kando ya dirisha la matatu lililo wazi.

Vumbi la Januari na Februari huingia kupitia mikunjo ya lenzi inayochomoza, kwa hiyo izime kabla ya kuirudisha mfukoni na uiweke ndani ya kifuko chake daima. Kila wiki nakili picha mahali pawili tofauti kabla ya kuisafisha kadi.

Hatimaye zioshe. Picha ya inchi 4 kwa 6 kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji pikseli 1,200 kwa 1,800 tu, yaani takriban megapikseli 2.2, kiasi ambacho hata kamera kuukuu inakimudu. Agiza nakala mbili, yako na ya uliyempiga. Kabla mashine haijaanza, mwombe fundi wa studio azime marekebisho ya otomatiki, kwa kuwa mara nyingi hung'arisha ngozi na kuitengua kazi yote uliyoifanya kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa.